Mwaka wa Kuvuana Kofia

Nilicheka hitimani. Nakiri, na walionilaani siku ile nimewasamehe wote, kwa sababu hata mimi ningemlaani mtu wa miaka hamsini na ushei anayecheka mbele ya sinia la msiba huku punje za pilau zikimtoka puani. Ilikuwa hitima ya Fundi Athumani, mshonaji wetu wa Chaani, mtu aliyewavika kanzu nusu ya Changamwe na nusu nyingine akawapunguzia suruali. Visomo vilikuwa vimekwisha, masinia yameteremshwa, na kwenye mkeka wangu likaja kuketi jitu moja lenye kitambi cha heshima, suti ya kijivu na soksi iliyotoboka kidole gumba. Sikulitambua mpaka liliponyofoa nyama, likaniwekea upande wangu bila kuulizwa. Ouma! Miaka ishirini na kitu hatujaonana. Tulikula kwa adabu, macho chini. Kisha akaniinamia, na kwa ile minong'ono yake inayosikika mpaka Mikindani, akasema, "Kombo, hata Fundi naye wamemvua kofia."

Basi. Pilau ikanipalia. Mzee mmoja upande wa pili akanikazia jicho. "Yakhe, hapa ni matangani," akasema. Nikainamisha kichwa, mabega yananitikisika, na Mungu ni mwema, kwani waliokuwa nyuma yangu walidhani nalia, mmoja akawa ananipapasa mgongo akiniambia, "Subira, ndugu yangu, subira." Nikasubiri. Kicheko kikapita, na yaliyokuja nyuma yake, wallahi, yalikuwa machozi ya haki, wala sikuyazuia.

Nieleze basi neno hilo lilitoka wapi, maana kila niliyejaribu kumweleza kwa mdomo amenikatiza kabla sijafika katikati. Habari za ukoo wangu nitaziruka. Hizo zimo kwenye kitambulisho, atakaye akaombe. Nataka mwaka mmoja tu, ule uliofuata mvua kubwa za El Nino. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na urefu wa futi saba (ni sita na kidogo, lakini niacheni na saba zangu), mchana nikipakia magunia ya simiti kwenye godauni moja Changamwe, jioni nikisoma ngumbaru pamoja na watu wazima wenzangu. Na kila Jumamosi na Jumapili, tangu adhuhuri hadi magharibi ikaribie, nilikuwa napigwa risasi za kichwa.

Nilipigiwa nyumbani kwa Bi Zuhura. Ukumbi wa mbele, kuta za rangi ya samawati iliyofifia, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havijawahi kunywewa chai tangu vinunuliwe, feni ya mezani iliyogeuza shingo taratibu kama mtu anayekataa posa kwa heshima. Juu ya meza ndogo, televisheni ya inchi kumi na nne iliyovishwa kitambaa cha kufuma. Bi Zuhura alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee alikuwa baharia. Huyo mwana alirudi likizo na mashine ya gemu kutoka ng'ambo, akacheza nayo siku kumi, akapanda meli tena akaiacha. "Nikiifungia itaoza," akasema Bi Zuhura, "nikiigawa atanuna. Chezeni nyinyi, lakini mikono iwe safi, na asije mtu mikono mitupu." Kiingilio kikawa kitu cha kutafuna. Fundi Athumani, ambaye cherehani yake ilikaa barazani pale pale, alileta viazi vya karai na ukwaju. Ouma, aliyekuwa dereva wa foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo bandarini, mtu wa bara aliyekuja Mombasa na begi moja na maneno elfu, alileta njugu. Mimi nilileta muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Bi Zuhura akitoa chai ya maziwa iliyotiwa iliki mpaka ikawa karibu iseme. Nimekula kwenye hoteli zenye vitambaa mezani tangu wakati ule, lakini sijapata kuona karamu ya kuizidi ile ya watu watatu kwenye mkeka, kidole kimoja kwenye kitufe na kingine kimejaa ukwaju.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kuwindana. Kioo kiligawanywa mapande manne, kila mchezaji na pande lake lenye ukubwa wa mche wa sabuni. Sisi tulikuwa watatu, kwa hiyo pande la nne lilibaki jeusi kama chumba kisicho na mpangaji. Ndani ya pande lako unaona mkono wako umeshika bunduki, na katikati ya kioo kipo kialama kidogo cha kulengea. Ukimpiga mwenzio kifuani, anayumba, anakimbia, anajificha, anakuja kukulipiza. Kifua kilitaka risasi tano, sita. Lakini ukimpata kichwani, ni moja tu. Chali! Kengele inalia, maandishi mekundu ya Kiingereza yanatapakaa, na unaandikiwa pointi maradufu. Utamu wote ulikuwa hapo. Mtu angeweza kushindwa gemu nzima, lakini akiwa na kichwa kimoja safi cha mbali, alitembea Chaani wiki nzima kama aliyetoka hija.

Jumamosi ya kwanza kabisa Ouma alimpata Fundi kichwani, akaruka juu ya mkeka. "Nimemuua! Nimemuua huyu mzee, kichwa chote kimeenda!"

Bi Zuhura akatoka jikoni na mwiko. "Nani kamuua nani nyumbani mwangu?"

Feni ikatukataa sote, mmoja mmoja.

"Mwanangu yuko baharini," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndiyo maana ilituchoma zaidi. "Neno hilo halitamkwi chini ya dari hii. Kama ndio mchezo wenyewe, uzimeni."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta viatu. Ni Fundi aliyeinua miwani yake, akasema kwa upole wa mtu anayeomba akupime kiuno, "Hatuui, Bi. Tunavuana kofia."

"Kuvuana kofia?"

"Ukimlenga sawasawa, kofia inamtoka. Sasa mtu mzima akivuliwa kofia mbele za watu, Bi, wewe mwenyewe waona, afanye nini? Hulala chini kwa aibu."

Bi Zuhura akaitazama televisheni. Akamtazama Fundi. "Na ile nyekundu iliyoruka?"

"Tarbushi."

Akarudi jikoni na mwiko wake. Tangu siku ile, wallahi, neno la kuua halikusikika tena mle. Mtu alivuliwa kofia, alivuliwa tarbushi, alibaki kichwa wazi. Aliyepigwa kifuani tu "alichafuliwa kanzu." Na likatokea jambo ambalo silielewi mpaka leo: kwa sababu ya neno lile tukaanza kuchezeana kwa heshima. Ukimvua mtu kofia unasema, "Niwie radhi, Fundi." Naye anajibu, "Umepewa, mwanangu." Majirani wangu wa leo hunieleza kwamba gemu za simu zinawaharibu vijana kwa kuwafundisha kupasuana vichwa. Huenda. Mimi nawajibu kwamba inategemea mnatumia neno gani.

Sasa sikilizeni Fundi alivyolenga, kwani hilo ni somo. Ouma alikuwa akikimbia, anaruka, bunduki inatazama sakafu, na akikutana na mtu ndipo aanze kuipandisha kukitafuta kichwa. Fundi hakukimbia. Wiki ya pili alikuja na futi yake ya kushonea shingoni kama kawaida, akaikunjua, akapiga magoti mbele ya televisheni, akawapima watu wa gemu mmoja mmoja juu ya kioo. "Mnaona?" akasema. "Mfupi hakuna, mrefu hakuna. Humu ndani wote kimo kimoja. Basi kichwa cha mtu yeyote akipita mlangoni kitapita hapa hapa, chini kidogo ya bawaba." Akatoa chaki ya kitambaa akatia nukta kwenye kioo. Bi Zuhura akaifuta, lakini Fundi alikuwa ameshaikariri. Kuanzia hapo alikwenda akasimama kwenye kona, akaweka kialama pale kichwa kitakapokuja, akawa ananong'ona kasida. Ukitokeza tu, kengele.

"Usikifukuze kichwa," alikuwa akituambia. "Anayekimbiza tundu la sindano kwa uzi hatashona nguo ya Idi. Tuliza sindano. Uzi utakuja wenyewe."

Ouma alijifunza. Mimi, hasha. Mimi nilimwaga risasi kama anayemwagilia mchicha. Nilipiga kuta, nilipiga mapipa, siku moja nilipambana na nguzo ya taa muda wa dakika mbili nzima nikilalamika kwa nini haianguki. Kwa kuwa nilikuwa mrefu, Bi Zuhura aliniketisha nyuma kabisa, mgongo ukutani, nisiwazibe wenzangu, waya wa kishikio changu, kile chenye vitufe vya kuchezea, umenyooka kama kamba ya kuanikia. Kutoka pale, mtu wa mbali ndani ya gemu alikuwa doa lenye tabia: doa likija mbio ni Ouma, doa lililotulia ni Fundi. Na hili ndilo kosa langu kubwa la ujana, kosa ambalo nimewahadithia wanangu wakacheka hadi wakalala chini: mimi nilidhani kila mtu anaona madoa. Nilidhani wenzangu wanabahatisha kama mimi, ila wao wana bahati.

Hata njiani nilikuwa hivyo. Kwetu salamu si mchezo. Mtu anaweza kukusamehe kumkanyaga mguu lakini si kumpita mkubwa wako kimya. Nami mtu wa hatua sita mbele sikujua ni bibi yangu au ni kreti za soda. Nikaamua kumwamkia kila kinachosimama. Nilimpa shikamoo mtoto wa darasa la tatu, akanijibu marahaba bila aibu. Nilimpa shikamoo kanzu iliyoanikwa, nikasimama kuisubiri ijibu. Na bado, wale niliowapita bila kuwaona walisema. Nilisikia kwa masikio yangu akina mama wawili barazani. "Kombo huyo. Tangu aingie ngumbaru haoni watu." "Kiingereza hicho, shoga. Kimempanda." Nami nilikuwa sijapata hata nusu ya maksi kwenye hicho Kiingereza.

Darasa letu lilikuwa la shule ya msingi. Watoto wakitoka, sisi tunaingia, tunakalia viti vyao magoti yakigusana na masikio. Nilikaa nyuma kabisa kwa aibu ya simiti. Nilikuwa nikijipangusa, safu nzima inapiga chafya. Mwalimu Mwakio, Mtaita mmoja mpole mwenye shati la mikono mirefu hata kwenye joto la Februari, aliandika ubao mzima kwa maandishi madogo madogo, sisi tukinakili. Madaftari yangu yalirudi yamejaa wino mwekundu. Siku moja aliniita mezani, akaliangalia daftari kwa muda mrefu, akasema, "Bwana Kombo, umelijibu sawasawa kabisa swali ambalo sikuliuliza." Darasa likaangua kicheko. Nikacheka na mimi, maana ndio desturi yangu, lakini nilifika nyumbani nikala wali wangu mkavu, sikutia hata mchuzi.

Na jambo lenyewe halikuwa dogo. Msimamizi wa godauni alikuwa ametuambia kwamba kati yetu sisi wapakizi, atakayeleta cheti cha darasa la nane atavuliwa gunia begani apewe kalamu, akae kwenye mizani awe karani. Mgongo wangu ulikuwa umeshaanza kunong'ona. Nilikuwa nimewaona wenzangu wa miaka arobaini wakiinuka kitini kwa awamu tatu, kama ngamia. Cheti kile kilikuwa ndio mlango pekee niliouona, tena kwa madoa. Mwezi wa nane tukapewa mtihani wa majaribio, nikawa wa mwisho, na aliyenitangulia alikuwa hakuja. Ijumaa ile nikamfuata Mwalimu nje. "Nifute kwenye orodha ya mtihani. Kichwa changu hakina kitu."

Hakubisha. "Orodha inaondoka Jumatatu," akasema. "Nitakuuliza Jumatatu."

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Zuhura na muhogo wangu, uso umenivimba kwa huzuni. Ouma akaniangalia. "Buda, umefiwa?" Nikaketi ukutani. Wakanivua kofia mara nane mfululizo, na mara ya tisa Bi Zuhura, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, akasema, "Hebu nipeni na mimi hicho kishikio cha nne."

Tukatazamana. Pande lile jeusi likawaka. Mwanamke wa miaka sitini na zaidi, buibui limekunjwa magotini, akauliza kitufe kipi ni cha kwenda na kipi ni cha kuvua kofia. Akatembea pole pole kama anayekwenda kuazima chumvi. Akafika kwenye ukumbi wa gemu, nami nikiwa ng'ambo ya pili namwaga risasi zangu kwenye dari. Mlio mmoja. Kengele. Maandishi mekundu.

"Bi! Huyo ni mimi!" nikalia.

"Niwie radhi, mwanangu," akasema, akasogeza uso karibu na kioo. "Ila Fundi, hebu nieleze. Hii kofia mbona anayo? Ninachoona hakipo ni kichwa."

Fundi akawa anatafuta sindano ambayo haikupotea. Ouma akajifunika uso kwa mto. "Nilijua tangu Jumamosi ile," akasema Bi Zuhura, akijimiminia chai. "Lakini mwongo aliyejitahidi hivyo kunilinda moyo wangu, nimfukuze vipi?"

Tulicheka sote, na katikati ya kicheko mimi nikajikuta sicheki. Nikawaambia kila kitu: maksi, orodha, Jumatatu. Nikasema nimevuliwa kofia na ajuza anayecheza kwa mara ya kwanza, basi ni dhahiri kichwa hiki ni cha kubebea magunia. Fundi akaweka kishikio chini.

"Huyo mwalimu alikwambia nini, neno kwa neno?"

"Kwamba nimelijibu sawasawa swali ambalo hakuliuliza."

"Sawasawa?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kama mtu kapigwa kichwa safi, lakini si yule uliyemkusudia," akasema Fundi, kama anazungumza na cherehani yake. Akachomoa sindano kwenye ukosi wa kanzu, akavuta uzi mweusi, akanipa. "Tunga."

Nikatunga kwa pumzi moja. Akachukua sindano nyingine, akajaribu yeye na miwani yake. Mara ya nne ndipo uzi ukapita. Akaniangalia kwa wivu mtupu. "Hapa pa karibu una macho ya mwewe. Sasa niambie, ile picha ukutani, juu ya kabati. Umekaa ukielekeana nayo miezi minane. Ni nini?"

"Ni mwana wa Bi Zuhura," nikasema. "Yule baharia."

"Amevaa nini?"

Nikakaza macho. "Kanzu. Amenenepa kidogo, mashallah."

Bi Zuhura akaweka kikombe chini taratibu. "Kombo, mwanangu," akasema, "ile ni picha ya harusi. Huyo mnene umwonaye ni watu wawili."

Nikainuka, nikaisogelea. Kweli, palikuwa na bibi harusi mle, na hina mpaka kwenye viwiko. Miezi minane nilikuwa nimemmeza na mumewe. "Ndio maana," akasema Bi Zuhura, "waniamkia mara mbili. Mara mimi, mara pazia." Ouma akanitwalia miwani ya Fundi akanivisha palepale, dunia ikageuka uji. Fundi akainyakua miwani yake. "Hii ni ya karibu. Mimi na wewe tumeumbwa kinyume, mwanangu. Kesho asubuhi Kongowea."

Sokoni Kongowea wakati ule palikuwa na bwana aliyetandaza miwani ya mtumba juu ya gunia, lundo zima, kama dagaa. Fundi akachuchumaa. Akachukua moja moja, akaangalia futi yake kupitia kioo. "Hii inakuza. Weka. Hii inakuza. Weka." Mwenye mali akachoka. Mwisho Fundi akafukua chini kabisa akatoa kitu cha rangi ya waridi, chenye mabawa pembeni na vijiwe vya kumetameta, miwani ya kike kabisa, ya bibi wa Kizungu anayekwenda kanisani. Akaitazama futi yake kupitia humo na uso ukamchanua.

"Hiyo achana nayo, mzee," akasema muuzaji. "Nimekaa nayo tangu mvua. Inafanya vitu viwe vidogo. Nani ataka kupunguziwa?"

"Huyu," akasema Fundi, akanivisha.

Nitatia chumvi kwenye mengi, lakini hapa sitii hata punje. Ng'ambo ya njia, mbali, palikuwa na mama wa nyanya, na mama yule alikuwa akinicheka. Nilimwona meno. Nilimwona pengo. Mpaka asubuhi ile, katika miaka ishirini na sita, sikuwa najua kwamba mtu akiwa mbali bado ana uso. Nilikuwa nadhani uso huja mtu akikaribia, kama sauti. Nikasimama katikati ya soko na mabawa yangu ya waridi, nikawatazama watu mmoja baada ya mmoja, wengi kiasi hicho, kila mmoja na wake.

"Buda," akasema Ouma, "unakaa kama shangazi yangu wa Kisumu." Lakini aliisema taratibu, na akanishika mkono kunivusha, ingawa sasa nilikuwa naona kumshinda.

Alasiri ile nikaketi ukutani pangu. Pande langu la kioo lilikuwa na vitu! Kulikuwa na ngazi. Kulikuwa na dirisha. Ile nguzo ya taa niliyopambana nayo ilikuwa na taa. Sikukimbia. Nikaenda kusimama kwenye kona ya Fundi, nikaweka kialama chini kidogo ya bawaba, nikatulia. Akatokea Ouma mbio, bunduki inatazama sakafu kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza nikaona ana masikio. Nikabonyeza mara moja tu. Kengele! Bi Zuhura akapiga vigelegele vya kuamsha mtaa. Jirani akaja mbio kuuliza nani kaposwa. "Niwie radhi," nikamwambia Ouma. "Umepewa," akasema, "umepewa, fala wewe." Na Fundi Athumani alikuwa ameshainama kwenye kishikio changu, anakaza waya kwa uzi wa mshono, maana nilikuwa nimeuvuta kwa furaha ukachomoka.

Jumatatu jioni nilijipangusa simiti barabarani, nikaingia darasani, nikaenda nyuma kwenye kiti changu cha mtoto, nikatoa miwani mfukoni. Walicheka, bila shaka. Mabawa yale hayakufichika. Mwalimu Mwakio alikuwa ametupa mgongo, anaandika hesabu, na ubao ule ambao kwa miezi minane ulikuwa ukungu wa chaki ukafunguka mbele yangu mstari kwa mstari. Nane zilikuwa nane. Sita zilikuwa sita, na zilikuwa mbalimbali kabisa, wala hata hazifanani. Na juu kabisa ya ubao, ndani ya kisanduku kilichopigwa mstari kwa rula, kulikuwa na sentensi moja ambayo kwa jinsi chaki yake ilivyokolea ilionekana imepitiwa tena na tena, jioni baada ya jioni.

Mwalimu akageuka. Orodha ilikuwa mezani, kalamu juu yake. "Bwana Kombo," akasema, "leo ndio Jumatatu. Jina nilifute?"

Nikasimama, goti likagonga meza. Nikasoma kwa sauti, kutoka kule nyuma, kama mtu anayeadhini: "Asiyeona vizuri asogee mbele."

Mwalimu akakunja midomo yake ndani, kama mtu aliyezuia jambo.

"Iko hapo tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu Februari. Wiki ile uliyojibu swali nisilouliza."

"Si ungeniambia kwa mdomo?"

"Wewe ni mtu mzima," akasema. "Niyatangaze macho ya mtu mzima mbele za watu?"

Nikainua kiti changu na madaftari yangu, nikapita katikati ya safu huku watu wakivuta miguu na kupiga chafya, nikakiweka mbele kabisa, chini ya ubao. Mwalimu Mwakio akatoa kalamu juu ya orodha akaitia mfukoni. Kisha akachukua kifutio, akaifuta ile sentensi pamoja na kisanduku chake, akapata nafasi ya hesabu mbili zaidi.